Baiskeli ya Kumteremsha Mama

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa ungeweza kuwa na pesa mkononi na baiskeli usiione. Ndivyo tulivyokuwa sisi pale Ujiji. Mume wangu aliuza dagaa, mimi niliuza mawese, na kidogo kidogo tulikuwa tumeweka akiba ya kununua baiskeli mpya kabisa, ile ambayo bado inanuka grisi na imefungwa karatasi kwenye fremu. Lakini baiskeli zilikuja kwa mgao, katika duka la ushirika mjini Kigoma, na nyumba iliyopata kibali ilipata moja tu. Ukichagua vibaya, umechagua. Utakaa na uamuzi wako mpaka matairi yalike.

Zamu yetu ilipokaribia tukasikia kwamba safari hii zitakuja za namna mbili. Zitakuwepo zile tulizozizoea, za gurudumu la ishirini na nane, ndefu, zenye mtaimbo mnene unaokatiza juu kutoka kwenye tandiko mpaka kwenye usukani. Na zitakuwepo za ishirini na sita, gurudumu dogo kidogo na mtaimbo uliokaa chini zaidi. Mtu asiyejua baiskeli atasema tofauti ya inchi mbili ni nini. Aje anione mimi nimesimama kando ya ishirini na nane. Tandiko linanifika mbavuni.

Mtaani kwetu hapakuwa na mjadala. Kila mwanamume aliyepita barazani alisema ishirini na nane. Gurudumu kubwa linapita juu ya mawe, walisema, halizami mchangani, na likishapata mwendo linakwenda lenyewe. Tena linabeba. Ishirini na sita waliiita baiskeli ya wanafunzi. Jirani mmoja, ambaye mwenyewe hakuwa na baiskeli ya namna yoyote, alikuwa anakuja kila jioni kutueleza ubora wa gurudumu kubwa, anakula kwetu, halafu anarudi kwake kwa miguu.

Mume wangu alikuwa upande wao, na sikumlaumu. Kazi yake ilikuwa kununua dagaa waliokwisha kaushwa mchangani, kuwafunga kwenye magunia, na kuwapeleka kwenye magulio ya milimani, Mwandiga na kupanda juu zaidi. Miaka yote alikuwa anatumia baiskeli ya kukodi, ishirini na nane iliyochakaa mpaka breki zake zilikuwa soli za viatu vyake. Alitaka kama ile, ila mpya. Mtu akizoea ugali wa muhogo hutamwambia leo jaribu kitu kingine.

Mimi nilitaka ishirini na sita kwa sababu moja. Nilitaka kuiendesha mwenyewe, nipande nayo milimani, nimlete mama yangu.

Hapo inabidi nieleze. Mimi si mtu wa ziwani. Nimezaliwa milimani, kwa Waha wenyewe, mahali ambapo asubuhi ukitoka nje unaliona Ziwa Tanganyika kwa mbali chini, kama bati lililoanikwa. Nikaolewa Ujiji, kwa watu ambao babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo, watu wa vitenge na maneno mengi. Nilikuwa na furaha na bado ninayo. Lakini tangu niolewe mama yangu hakuwa ameingia nyumbani kwangu hata siku moja. Hakujua ninalala wapi, ninapikia wapi, maji nayatoa wapi. Mwanangu wa kwanza alikuwa ameanza kukimbia, na bibi yake alimjua kwa sababu nilimpandisha milimani mimi mwenyewe.

Magoti ndiyo yaliyomkatalia. Watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya, mama alipata kiwanja kando kabisa ya barabara, na sote tukafurahi, tukasema sasa atasafiri. Barabara ikawepo, gari likakosekana. Kilichopita pale ni lori la kuchukua kahawa, na kulipanda lazima vijana wakushike kwapani wakurushe juu. Mama alirushwa mara moja. Alipofika juu akasema ashushwe, akashushwa, akaenda zake nyumbani akichechemea, na hakutaka kusikia tena habari za lori. Alikuwa mwanamke wa heshima zake. Kubebwa kama gunia la kahawa mbele ya wakwe na majirani hakukubali.

Kwa hiyo nilipomwambia mume wangu nataka ishirini na sita nimfuate mama, alicheka, akanishika bega. Hakucheka kwa dharau. Alikuwa na cheko la mtu ambaye tayari ana jibu.

"Mama mtoto, mbona hilo jepesi," akasema. "Baiskeli kubwa ndiyo itakayomleta. Keria yake ngumu, haiyumbi. Nitampandisha mimi mwenyewe nyuma, anishike kiuno, tunashuka taratibu mpaka hapa mlangoni."

Nilimtazama nikaona hatanii. Nikamuuliza kama anajua anachosema. Akajibu kwamba anajua sana, na zaidi ya hapo ameshatuma salamu. Mteja wake mmoja wa dagaa, aliyetoka kijijini kwa mama, alikuwa ameondoka asubuhi ile na ujumbe: mwambie mama mkwe baiskeli ikija, nitakuja kumbeba.

Nilikaa chini. Kwa watu wa Ujiji, angalau kwa watu wa nyumba ile, mama mkwe ni mama. Unamtania, unakula naye sinia moja, akiumwa unamnyanyua. Kwetu milimani wakati ule mambo yalikuwa mengine. Mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Wakionana njiani, mmoja anaingia pembeni. Hawakai benchi moja, hawatazamani wakila, na kushikana mkono ni jambo la kuzungumzwa mwezi mzima. Sasa mume wangu, kwa moyo wake mweupe, alikuwa amemtumia mama yangu habari kwamba amkumbatie kiuno kuanzia milimani mpaka Ujiji, mchana kweupe, barabara kuu.

Nikamweleza. Uso wake ulianza kushuka polepole. "Lakini mimi nilikuwa na nia nzuri," akasema.

"Nia yako ninaijua mimi," nikamwambia. "Kule juu wanaujua ujumbe."

Jibu lilirudi upesi kuliko dagaa walivyokwenda. Mama alisema hatateremka Ujiji. Si kwa lori, si kwa baiskeli, si kwa machela. Alimwambia yule mjumbe amwulize mkwewe kama kwao hakuna wakubwa. Na kijiji kizima kilikuwa kimesikia, kwa sababu yule mjumbe alikuwa na sauti kubwa na aliutoa ujumbe wake kisimani, palipojaa watu.

Nilikasirika, nikalia, nikakasirika tena. Nikamwachia mtoto mama mkwe wangu, mama wa mume wangu tuliyekaa naye, nikadandia lile lori la kahawa lilipokuwa linapanda tupu. Nilimkuta mama amekaa mlangoni anachambua maharage. Nilimwamkia kwa Kiha, vizuri, kama alivyonifundisha, nikapiga goti. Ndipo akasema.

"Nishike kiuno cha mkwe wangu? Nipite Mwandiga siku ya gulio, watu wananitazama nimemkumbatia mume wa mwanangu?"

"Mama, alikosea. Kwao hawana mwiko huo. Alidhani anakuheshimu."

"Ego," akasema, kwa namna ambayo ndiyo yake haikuwa ndiyo hata kidogo. Akatupa haragwe bovu. "Najua kwamba si mbaya. Mtu mbaya asingejitolea kunibeba. Lakini sitapanda."

"Na nikikubeba mimi?"

Akainua macho. Akanitazama miguu kwanza, kisha mikono, kama anayekagua mbuzi wa mnadani. Mimi ni mfupi, na ufupi huo nimeutoa kwake, kwa hiyo hakuwa na la kunicheka.

"Utaendesha wewe?"

"Zipo baiskeli ndogo, mama. Miguu yangu inafika chini."

Alifikiri. Alisema hajapata kuona mwanamke wa ukoo wetu juu ya baiskeli. Nikamwambia hata mimi sijamwona. Akasema, "Basi lete, nikuone." Hakusema atapanda. Lakini mimi namjua mama yangu. Kama angekuwa amekataa, angerudi kwenye maharage yake. Badala yake akaniuliza kama mtoto anakula vizuri.

Nilirudi Ujiji na hoja yangu ikiwa kamili. Sasa haikuwa tena mchezo wa nani anapenda gurudumu gani. Tukileta ishirini na nane, mwenye kuiendesha ni mume wangu peke yake, na mama hatapanda nyuma yake mpaka dunia iishe. Tukileta ishirini na sita, naweza kuiendesha mimi, na mama ataiona nyumba yangu. Lakini ishirini na sita ikimshinda mume wangu kazini, tutakula nini? Hilo pia lilikuwa swali, na nililiona usoni kwake ingawa hakulitamka. Mama mkwe wangu ndiye aliyelitamka, kwa sauti ya kutosha, huku akipepeta mchele. "Mgeni anakuja siku moja. Dagaa wanakwenda kila wiki." Nikachukua ungo wa pili nikapepeta naye. Alikuwa mtu mzima na alikuwa amenilelea mwanangu nilipokwenda milimani.

Siku ya kuchukua baiskeli mume wangu alitoka asubuhi na gunia la dagaa begani. Nikamwuliza la nini. Akasema la kupimia. Tukapanda gari mpaka Kigoma, watu wote ndani ya gari wakiziba pua, na tukafika duka la ushirika. Zilikuwa zimepangwa uani, nyeusi zote, zinameta. Msimamizi wa duka alikuwa mtu mpole aliyechoka. Mume wangu akamwomba azijaribu na mzigo. Yule bwana akatazama gunia, akatazama baiskeli zake mpya, akasema tandika karatasi kwanza.

Wanaoijua Kigoma wanajua barabara inavyopanda kutoka stesheni ya reli. Hapo ndipo alipofanyia jaribio lake. Alifunga gunia kwenye keria ya ishirini na nane kwa kamba za mpira, akaendesha kidogo, mlima ukamkataa, akashuka akasukuma. Mimi nilimfuata kando. Gunia lilikuwa juu, karibu na bega lake, na kila baiskeli ilipoinama lilimvuta. Alisukuma kwa mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umekumbatia gunia, jasho linamtoka. Lakini palipokuwa na mashimo yaliyochimbwa na mvua, gurudumu kubwa liliyavuka bila maneno.

Akarudi chini, akafungua, akafunga kwenye ishirini na sita. Akasukuma tena. Gunia lilikaa kiunoni mwake, tulivu. Alishika tandiko kwa mkono mmoja, anatembea, hata akapata nafasi ya kunigeukia na kuniambia kitu. Kisha akafika kwenye mashimo. Gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo likakaa humo, akalazimika kuinyanyua. Likaingia la pili. Pale juu akasimama, akapangusa uso kwa pindo la shati.

Mimi nilikuwa nasali kimyakimya, na sikuwa na haya. Nilijua kwamba baiskeli hizi mbili zimetoka sare. Akisema ishirini na nane atakuwa na haki, na mimi nitanyamaza, na mama hatakuja.

"Unajua," akasema akitazama chini ziwani, "miaka yote nimesema naendesha dagaa mpaka milimani. Kumbe nasukuma. Naendesha mpaka Mwandiga tu, halafu njia yote ya kupanda natembea. Gurudumu kubwa ni zuri ukiwa juu yake. Mimi mara nyingi niko kando yake."

"Na mashimo?"

"Mashimo nitayazoea. Mama yako je, tutamsubiri mpaka lini?"

Akageuza ile ndogo, akaanza kushuka nayo dukani. Nikamfuata. Nilimpenda siku zote, lakini siku ile nilimpenda huku nikimtazama kisogo chake kilicholowa jasho, na gunia lile linalonuka likimfuata.

Kujifunza kuendesha ni habari ya peke yake. Tulikwenda Katubuka, palipokuwa na uwanja mpana, alfajiri kabla watu hawajawa wengi, lakini watu wa Kigoma wana pua ya vichekesho. Siku ya kwanza walikuwepo watazamaji wachache. Baadaye wanawake wakawa wanakuja na vikapu vyao, wanakaa, wananisubiri nianguke. Mume wangu alishika keria nyuma akikimbia, kanzu ameikunja kiunoni, akipiga kelele, tazama mbele, tazama mbele. Nikitazama mbele naona mti. Nikiona mti nauendea.

Shida kubwa ilikuwa nguo. Kitenge kinaingia kwenye cheni, na hata mtaimbo ule wa chini bado ulikuwa mtaimbo. Mama mkwe wangu, yuleyule aliyesema dagaa wanakwenda kila wiki, alinitazama nikirudi jioni moja na kitenge kimechanika mpaka gotini. Akaingia chumbani, akatoka na suruali ya zamani ya marehemu mumewe, ameipunguza miguu. "Vaa hii ndani, kitenge funga juu, kifupi, fundo mbele," akasema. "Kama unataka kutuaibisha, tuaibishe ukiwa umevaa vizuri." Nilivaa. Tangu siku hiyo sikuanguka kwa sababu ya nguo. Nilianguka kwa sababu nyingine.

Siku moja nikasikia kimya nyuma yangu. Nikamwita mume wangu, hakujibu. Nikageuka nikamwona mbali kabisa, amesimama mikono kiunoni, anacheka. Nilikuwa nimeshaenda peke yangu kipande kizima. Nilisimama, nikaweka miguu chini, yote miwili, ikafika. Hiyo ndiyo raha ya gurudumu dogo ambayo wanaume wa barazani hawakuwahi kuitaja. Wao walizungumzia kwenda. Hawakuzungumzia kusimama.

Kuhusu dagaa, nisiseme uongo. Alibeba pungufu kidogo kuliko zamani, na msimu wa mvua gurudumu lilikuwa linameza matope. Wenzake walimtania, walimwuliza baiskeli yake itakua lini. Aliwajibu kwamba bado inanyonya. Lakini alirudi mapema zaidi, na mgongo uliacha kumuuma, na baada ya muda nikamwona mwenzake mmoja aliyecheka sana akija kuulizia kimyakimya kama duka la ushirika lina nyingine.

Nilimfuata mama wakati wa mbalamwezi. Kwa watu wa ziwani hilo halihitaji maelezo, lakini kwa wengine nitaeleza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa za karabai. Giza likiwa totoro, wanaifuata taa na wavu unajaa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina maana, dagaa wametawanyika, na wavuvi wanabaki nyumbani kushona nyavu. Wavuvi wakikaa, mchanga hauna dagaa, na muuza dagaa naye anakaa. Kwa hiyo nyumbani kwetu baiskeli ilikuwa na wenyewe wawili. Siku za giza ilikuwa ya mume wangu. Mwezi ukikua, ilikuwa yangu.

Nilipanda polepole. Kupita Mwandiga nikashuka nikasukuma kama wote wanavyosukuma, na nilifika kijijini jua likiwa bado lipo. Watoto walinifuata kuanzia njia panda. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeshika mwimo. Nilipanda tena kile kipande cha mwisho makusudi, aone, nikapiga kengele. Aliitazama baiskeli, akaizunguka, akaibonyeza tairi kwa kidole.

"Ni ndogo kweli," akasema. Nikaona ameridhika.

Asubuhi nilikunja blanketi nikalifunga kwenye keria. Mama alivaa vitenge vyake viwili vizuri na kilemba, akapanda upande upande, miguu yote ikining'inia, mikono yake miwili ikanishika kiuno. Alikuwa mwepesi kuliko gunia. Mteremko ule wa kutoka milimani nilikuwa nauogopa, lakini sikuuendesha wote. Pale palipokuwa pakali niliburuta miguu yote chini kama mtoto, breki nimezibana, na tukashuka hivyo, kidogo kidogo, mama akinieleza habari za kila shamba tulilopita.

Jambo nisilolitegemea lilikuwa salamu. Mama alikuwa mtu wa kale. Kwake kumpita mtu bila kumwamkia ni tusi, na kumwamkia ukiwa unakimbia ni tusi kubwa zaidi. Basi kila tulipomkuta mtu mzima njiani alinigonga mgongoni kwa kiganja. Simama. Nasimama, miguu chini. "Mwakeye," anasema mama, na mtu yule anaitikia, wanaulizana watu wa nyumbani, ng'ombe, mvua, mahindi. Halafu ananigonga tena. Twende. Tunakwenda kidogo, ananigonga. Pale Mwandiga tulikaa muda mrefu sana bila kusogea, maana lilikuwa gulio, na mama alitaka wote waone ni kiuno cha nani alichokishika. Nikawa nawaza ingekuwa ishirini na nane, nani angeweza kusimama namna ile? Tungeanguka mbele ya kila mzee wa kwetu Buha.

Baada ya Gungu barabara ikanyooka. Mama akaacha kunigonga mgongoni. Nikamwuliza kama amechoka. Akasema hapana, anatazama tu. Alikuwa ameliona ziwa maisha yake yote kwa mbali, na sasa upepo wake ulikuwa unampiga usoni. Nilikanyaga pedeli, na kama kuna siku nimewahi kujisikia mtu mzima wa kutegemewa, ni siku ile, na mikono ya mama yangu imenishika tumboni, tukipita Buzebazeba huku watoto wakikimbia kando yetu.

Nyumbani mume wangu alikuwa amejipanga. Somo lilikuwa limemwingia, labda kupita kiasi. Tulipokaribia aliingia uani, nyuma ya ukuta wa jikoni, akabaki huko na mtoto wetu mapajani. Mama mkwe wangu ndiye aliyetupokea. Wale wanawake wawili walikumbatiana, mmoja akisema Kiha, mwingine Kiswahili cha Ujiji, na wakaelewana vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kutoka nyuma ya ukuta ikasikika sauti. "Shikamoo, mama."

Mama akageukia upande mwingine kabisa, kama inavyotakiwa, akaujibu ukuta wa mbele. "Marahaba, baba. Nashukuru kwa baiskeli."

Kisha akaanza kukagua. Nilimwacha. Aliingia chumbani, akabonyeza kitanda kama alivyobonyeza tairi. Akafunua mtungi akatazama maji. Akaingia jikoni, akahesabu sufuria zangu kwa macho, akanusa mawese yangu, akaguna. Akasimama mlango wa nyuma, unaotazama ziwani, akakaa pale muda. Mimi nilikuwa nampikia mgebuka, samaki wa ziwani kwetu, nikionja chumvi mara mbili mbili kama bibi harusi.

Alikula vizuri. Alipomaliza kunawa akanitazama, akasema kwa Kiha, taratibu, kwamba tangu nilipoolewa alikuwa akipita karibu na jeneza la mtu yeyote kule juu anafikiri, siku yangu ikifika, mwanangu hatawahi kuja kunizika, maana yuko mbali. Alikuwa akilala na fikra hiyo. Akanishika mkono uliokuwa bado umevimba kwa kubana breki.

"Si mbali," akasema. "Nimekuja nimekaa kitako, na nimesalimiana na watu wote, na jua bado lipo."

Sikuweza kukaa mbele yake. Nilichukua sahani, nikatoka nazo uani. Mume wangu alikuwa bado nyuma ya ukuta, mtoto amemlalia. Kiha alikuwa hakijui, alisikia sauti tu.

"Amesema nini?" akaninong'oneza. "Nyumba hajaipenda?"

"Amesema si mbali," nikamwambia, nikaweka sahani chini nikakaa karibu yake.